Nimepata Gari

Mwanangu Nasra,

Barua za kwetu huanza kwa kuuliza hali, kisha mtu akasema yeye ni mzima na wasiwasi ni juu yako. Lakini hali yako naijua mpaka idadi ya soksi, kwa kuwa mimi ndiye niliyezikunja. Umetoka kwenda kuwaaga wenzako, umesema utarudi magharibi, nami nimekaa hapa mezani jikoni na kalamu niliyoichopoa kwenye mkoba wako. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha kazini, hakijui kuomba radhi. Utasoma polepole. Ukikwama, litamke neno kwa sauti, maana sikio lako linajua mengi kuliko jicho.

Sitakuambia ule nini huko Leeds wala uvae nini. Hayo nimeyasema wiki mbili mfululizo, nawe umeshanijibu, "Mama, I'm twenty-seven." Nataka tuzungumze juu ya gari lako.

Ile karatasi uliyoibandika kwenye mlango wa friji bado ipo. Umechora mstari katikati. Upande wa kuliacha gari umejaa mpaka chini: kwamba kazi yenyewe ni ya miezi tisa tu, mpaka yule bibi aliyekwenda kujifungua arudi, kwamba chumba ulichopanga kiko dakika kumi kwa miguu kutoka hospitali, kwamba mtaa ule hauna pa kuegesha na kibali hawampi mtu wa kupita, kwamba gari litakaa kule likiokota majani na faini. Upande wa kulichukua umeandika neno moja tu. Mama.

Kila nikifungua friji kutoa maziwa najisoma.

Nataka ujue kwanza jinsi ninavyokuona, kwa sababu sijapata kukuambia. Mara ile nilipokuja kazini kwako kukuletea funguo ulizosahau, nilikukuta umepiga magoti mbele ya mtoto wa miaka sita hivi. Ulikuwa unampima kisigino mahali ambapo hapana kisigino. Unaishika ile hewa kwa vidole viwili kwa adabu kabisa, unaandika, unaishika tena, na mtoto anakutazama kichwani bila ya woga. Nilirudi nyuma nikashika ukuta. Nilijiuliza, huyu ndiye yule niliyekuwa nikimfunga kamba za viatu? Ametoka tumboni mwangu kiumbe anayewatengenezea watu miguu wakaondoka wanatembea! Nilikuachia funguo pale mapokezi nikaenda zangu, sikuthubutu hata kukuita.

Sasa nikuhadithie gari langu la kwanza. Baba yako alikuwa akijua nusu yake tu, Mungu amrehemu.

Nilikuja nchi hii nikiwa na miaka ishirini na nne, kwa kazi ya miezi sita, kufua mashuka ya hospitali. Nyumbani Kikwajuni, Unguja, niliwaambia nakwenda kwa muda, na nilikuwa nasema kweli. Nusu ya nguo sikuzitoa hata ndani ya sanduku. Mwezi wa kwanza nilibadilisha mabasi mawili alfajiri na kumalizia kwa miguu, katika baridi ambayo sikujua kama Mungu aliiumba. Halafu mwenzangu mmoja wa pale kwenye kufua akanionyesha basi jingine, moja tu, linalopita mbele ya nyumba niliyopanga na kunishusha kwenye lango la hospitali.

Siku ile nilipanda ghorofa ya juu ya basi nikakaa kiti cha mbele kabisa. Kulikuwa kunapambazuka. Matawi ya miti yalikuwa yakigonga kioo mbele ya uso wangu, na mji ukiwaka taa, dirisha baada ya dirisha, mpaka mwisho wa macho, na katika kila dirisha yumo mtu anatafuta viatu vyake aende kazini. Watu wote wale, na kila mmoja riziki yake imeandikwa! Nikasema Subhanallah kwa sauti kubwa. Mzee aliyekaa nyuma yangu akadhani namsalimia, akanijibu, "Morning, darling."

Jioni ile ile nikamwandikia mama yangu, bibi yako ambaye hukumdiriki. Mama alisoma Kurani vizuri lakini herufi hizi hakuzijua, kwa hiyo barua zangu alisomewa na jirani yetu Bi Time, mwanamke mwenye sauti ya kuutosha mtaa mzima. Niliandika hivi: "Alhamdulillahi mama, sasa nimepata gari. Linanichukua mlangoni mpaka kazini."

Wewe uliyezaliwa hapa huenda usilione kosa. Kwetu gari ni gari. La abiria ni gari, la mizigo ni gari, la taka ni gari. Mtu akichelewa husema amekosa gari, na hakuna anayemuuliza alitaka kununua la aina gani. Lakini neno lile lilitoka London likatua Kikwajuni, na njiani lilikuwa limekwisha nenepa. Bi Time aliposoma "nimepata gari" aliiweka barua chini, akapiga vigelegele kwanza, ndipo akaendelea.

Jibu lilinifikia baada ya wiki tatu. Wamesoma dua, wamepika, wamewalisha watoto wa chuo cha Kurani. Na mwisho mama ameuliza suali moja. Ni la rangi gani?

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Kalamu ilikuwa mkononi kama sasa. Lakini watu wameshakula, Nasra! Unawaambiaje watu walioshiba kuwa walikuwa wanalishangilia basi? Nikaandika, "Jekundu." Wala sikusema uongo, mabasi ya hapa ni mekundu, yaone mwenyewe.

Barua ya pili ikauliza, unaendesha mwenyewe? Nikajibu, "Hapana mama, lina dereva, Mjamaika mmoja mpole, anavaa tai." Barua ya tatu ikauliza, linachukua watu wangapi? Nikajibu, "Wengi, na wengine hukaa juu." Baadaye nilisikia kuwa hapo Bi Time aliueleza mtaa kwamba magari ya watu wazito wa Ulaya yana keria ya kukalia. Mimi huku nilikuwa nikicheka peke yangu. Sikuandika neno moja la uongo katika barua zote zile, na nilikuwa mwongo wa kupigiwa mfano.

Kisha ikaja barua ya kunivunja miguu. Mjomba wangu Haji anakuja London kikazi baada ya mfungo, nikampokee uwanja wa ndege na gari langu, na dereva wangu.

Nilichanganyikiwa. Nikajifunza kuendesha kwa pupa, nikaanguka mtihani mara mbili, mara ya tatu wakanipa leseni, nadhani kwa kunichoka. Nikanunua gari la mwenzangu wa kazini, jekundu, milango imeliwa na kutu, kioo kimoja hakipandi. Dereva ningesema anaumwa. Nikakaa kumsubiri mjomba. Mjomba hakuja. Safari yake ilifutwa, wakampeleka Dodoma.

Basi nikabaki mimi na gari. Pale hospitali wafuaji hatukuwa na pa kuegesha. Nikawa naliacha mtaa wa nne na kumalizia kwa miguu katika baridi ile ile, huku lile basi langu linanipita, kiti cha mbele kitupu. Nilijiona mjinga, lakini mjinga mwenye gari.

Miezi sita ikaisha. Tikiti ya kurudi nilikuwa nayo. Nikasema gari nitamwachia nani, ngoja nichukue mkataba mwingine mfupi. Na baada ya huo mwingine. Jamaa wakiniuliza mbona sirudi, jibu lilikuwa tayari: gari liko kwa fundi, gari sijapata mnunuzi, gari hivi, gari vile. Kumbe gari halikuwa na neno lolote, masikini. Mimi niliogopa kushuka uwanja wa ndege wa Unguja kama nilivyo. Niliona haya kurudi bila ya kitu ambacho sikupata kuwa nacho. Ilinichukua miaka mitano. Nilipoondoka mama alikuwa anachota maji na kuyabeba mwenyewe. Niliporudi nilimkuta anapapasa ukuta kutafuta mlango.

Siku ya tatu tulikaa uani mimi na yeye tu. Alikuwa anachambua mchele kwa ncha za vidole, macho hayamfai tena. Nikaona nikinyamaza leo sitasema milele.

"Mama," nikamwambia, "lile gari la kwenye barua halikuwa langu. Lilikuwa basi."

"Hee," akasema, na vidole vikaendelea na mchele. "Najua."

"Unajua tokea lini?"

"Tokea barua ya mwanzo. Si nimekuzaa mie? Aliyetaka gari ni Time."

"Sasa mbona ukan'uliza rangi?"

Akacheka mpaka akaushika ungo usimwagike. "Saada, barua isiyo na suali haijibiwi. Husomwa ikatiwa chini ya godoro. Mie n'kauliza rangi, ukajibu. N'kauliza dereva, ukajibu. Kila suali likiniletea barua."

"Kwa nini hukuniuliza lini narudi?"

Alitoa kijiwe kwenye mchele akakitupa. Akasema, "Hilo n'kilitia mdomoni kila barua, n'kalimeza. Hilo lingekuvuta. Mie sikutaka kukuvuta, n'kitaka kukusikia."

Mpaka leo nikichambua mchele nayakumbuka maneno yale. Mwanamke asiyejua herufi hizi aliisoma barua yangu kuliko mimi niliyeiandika. Alinisoma kutoka mbali kote kule, kwa mdomo wa Bi Time, pamoja na vigelegele vyake, akatoa kweli yangu kama alivyotoa kile kijiwe. Na aliijua miaka mitano yote, akaniachia. Nilimtazama nikaona kwamba mama yangu simjui, na kwamba nimechelewa sana kuanza kumjua.

Ningekuwa nimejifunza, barua hii ingeishia hapa tukacheka. Lakini sikujifunza, mwanangu. Sikiliza nilichokufanyia.

Siku ulipopata ile imeili ya Leeds ukaruka juu hapa hapa jikoni, goti langu lilikuwa linauma kidogo, kama linavyouma kila baridi ikishika. Kesho yake likazidi. Wallahi sikupanga. Goti lilisikia habari likaamua lenyewe. Nikaanza kushika ukuta nikienda chooni. Nikaanza kusema "aa" kwenye ngazi, halafu nasimama kusikiliza kama umesikia. Ulipokuwa kazini nilikwenda kwa miguu mpaka madukani Abbey Wood nikarudi na mfuko wa muhogo na nazi, na ukiingia tu jioni hata kikombe siwezi kukifuata. Ukaniambia, "It's fine, Mama, nitachukua gari. Kila Friday nakuja, Sunday narudi." Zaidi ya saa nne kuja, zaidi ya saa nne kurudi, kila wiki. Nami nikakuambia, "Si lazima, mwanangu," kwa ile sauti ambayo maana yake ni lazima.

Niliogopa, ndiyo sababu, sina nyingine ya kukuficha. Tangu baba yako afariki nyumba hii ina sauti mbili, na moja inaondoka. Niliogopa nisije nikapika sahani moja, nikala nimesimama kando ya jiko.

Wiki iliyopita ulinikalisha kitandani ukalishika goti langu kwa mikono yako ile. Ukalikunja, ukalinyoosha, ukalibonyeza pembeni. Kisha ukaviokota viatu vyangu vya kila siku, ukavigeuza, ukazitazama soli. Nikadhani unaangalia kama vimekwisha, uninunulie vingine. Ukavirudisha chini taratibu, umevipanga sambamba, ukasema, "OK Mama. Nitachukua gari." Ukatoka.

Jumanne, ulipokuwa huko nje, ndipo nilipokumbuka jambo uliloniambia zamani, ulipokuwa bado unasoma. Uliniambia mkitaka kujua mtu anavyotembea msimuulize yeye, mtazame viatu vyake, kwa sababu anayechechemea soli moja huliwa kuliko nyingine. Nikavigeuza viatu vyangu. Soli zimelika sawasawa, Nasra. Kulia na kushoto, pamoja. Nikakaa kwenye ngazi nimevipakata, na uso ukaniwaka moto kama msichana aliyefumaniwa.

Kwa hiyo unajua. Ulijua tangu siku ile, ukanyamaza, ukanipangia viatu vyangu, na bado ukasema utachukua gari. Umeona kuwa mguu ni mzima, ukaona na mahali pengine panapouma, ukataka kupabeba hapo. Sijui umejifunza wapi. Mimi sikukufundisha, maana sina. Nimekaa katikati ya wanawake wawili, mama aliyenisoma na mwana anayenisoma, na wote wawili mmenisitiri. Mungu aliniona nina nini hata akanipa nyinyi?

Nikavivaa vile vile viatu nikatoka. Nikalingojea basi, likaja, na yule dereva, msichana mdogo tu wa makamo yako, aliponiona naharakisha akasubiri mlango wazi, mabasi mawili nyuma yake yanangoja na yeye hana habari. Nikapanda mpaka juu, ngazi moja moja, nimeshika chuma. Nimeishi mji huu zaidi ya miaka thelathini na sikumbuki mara ya mwisho niliutazama lini. Siku zote nilikuwa naangalia taa za barabarani, au simu, au wewe unavyoendesha. Kulikuwa na wanafunzi wanagombana kwa lugha sijui ngapi, mama wa Kinaijeria amepakata keki ya harusi kama mtoto mchanga, baba amelala na kofia ya ujenzi mapajani. Kila mmoja anakwenda mahali anapopajua yeye. Na mimi nimo, ninakwenda kwangu. Nilishuka mwisho wa njia, nikanywa chai, nikarudi. Usiku goti liliuma kidogo, uumaji wake wa haki.

Sasa hilo gari lako. Sikuambii ulichukue, wala sikuambii uliache. Nakuomba uichukue ile karatasi ya friji ulifute neno lile moja, kisha uisome upya. Ukiona bado unalitaka kwa ajili yako, kwa kuwa unapenda kuendesha na kuna milima huko unataka kwenda kuiona Jumapili, lichukue, na faini ulipe kwa moyo mkunjufu. Ukiona hulitaki, liache hapa au liuze. Lakini usiliegeshe chini ya dirisha lako kule ili kila ukilitazama unione mimi nimeshika ukuta. Mimi niliegesha gari langu miaka mitano mbele ya njia ya kwetu. Najua linavyoziba.

Na hiyo Ijumaa ya kwanza, usije. Ya pili pia, kaa huko, ujue majina ya watu, ujue wapi wanauza samaki mzuri. Utakuja utakapotaka, na ukija nitafurahi mpaka majirani wajue.

Nakutahadharisha na jambo moja. Kesho asubuhi nitalia. Najijua. Nililia ulipoanza darasa la kwanza, na shule ilikuwa ng'ambo ya barabara. Nitalia hapo mlangoni, na pengine nitakushika mkono kuliko inavyopasa, na uso wangu utakuwa ule unaoujua. Ukiwa umo garini usizime injini. Ukiwa unakwenda kwa treni usiiache ikakupita. Usinitazame mara ya pili, nenda. Ndivyo ninavyoaga mimi, sina namna nyingine. Nitakuwa nalia tu, mwanangu. Sikuiti.

Mama yako,
Saada